Waya wa Shaba Ndani ya Kuba

Gadiel wa Sekei, fundi na mzee wa kanisa, katika umri wake wa miaka sabini na moja, alijivunia mambo mawili. La kwanza, hakuna kitu alichokifunga yeye kikafunguka chenyewe. La pili, baada ya kumbembeleza kwa miaka mingi, Elirehema wa Ngaramtoni alikuwa amekubali kutubu. Jumapili iliyokuwa inakuja angesimama mbele ya usharika, akiri kwamba mwaka wa sabini na nane hakufunga mvuke, kisha arudishwe kundini. Asipofanya hivyo angezikwa bila mchungaji, na kifua chake kilikuwa kimekwisha kuanza kukoroma.

Kisa chenyewe kilijulikana. Elirehema alikuwa dereva wa gari moshi. Asubuhi moja, pale stesheni ya Arusha, injini yake ilikataa kusimama, ikambana Yiamat, mfunga mabehewa, akafa papo hapo. Elirehema aliapa kwamba wenzo wa mvuke, ule mkono wa kuufungulia na kuufunga, alikuwa ameurudisha hadi mwisho. Gadiel, fundi kijana aliyekuwa ameitengeneza vali ya mvuke jana yake, akaapa kwamba kila kitu kilifungwa inavyotakiwa. Wakamwamini fundi. Dereva akapoteza kazi, na baraza la wazee wa kanisa likamtenga, si kwa kifo kile bali kwa kukana. Injini haikufunguliwa. Zama za mvuke zilikuwa zinakwisha, wakaisukuma pembeni, nyasi zikaipanda.

Sasa ilikuwa imepata mnunuzi. Calvin, meneja wa hoteli moja ya Njiro, aliitaka ipakwe rangi ya dhahabu, wageni wapande wapige picha huku wakivuta wenzo. Lakini wenzo ulicheza ovyo kama jino bovu. Akatafutwa fundi. Katika mji ambao zamani ulikuwa na wanaume wa kuchonga kipuri kwa tupa, na sasa una vijana wa kutoa kibovu na kupachika cha Kichina, akapatikana Gadiel peke yake.

"Shikamoo mzee wangu," Calvin alimpokea Alhamisi asubuhi. "Hiyo si lazima ifanye kazi. Wewe ibane na gundi tu."

"Marahaba. Gundi kabandike viatu."

"Sasa mzee unakasirika nini? Haiendi popote hii."

"Hata isipokwenda, kitengenezwacho kitengenezwe."

Alipanda juu ya tangi la mvuke na kuzifungua nati za kuba, ile nundu ya chuma mgongoni mwake, moja moja, kwa moto, mafuta na subira. Mchana kuba likanyanyuliwa kwa mnyororo. Ndani yake ndimo vali ilimokaa. Fimbo ndefu ya chuma hutoka kwenye wenzo wa dereva hadi pale, na huungwa na vali kwa pini nene kama kidole gumba. Pini hiyo huzuiwa isichomoke kwa pini nyingine ndogo yenye miguu miwili inayokunjwa. Hiyo ndogo ndiyo roho ya kazi yote. Gadiel alikuwa amewafundisha watu hivyo maisha yake yote.

Akaingiza kichwa na kumulika kwa tochi.

Pini nene ilikuwa imechomoka nusu, na fimbo imening'inia peke yake. Vali ilikuwa wazi. Dereva angeurudisha wenzo mpaka bega limteguke, mvuke ungeendelea kupita. Na katika tundu la pini ndogo kulikuwa na kipande cha waya wa shaba, kimekatika, kimesokotwa kwa kushoto. Karakana nzima ya reli ilikuwa na mtu mmoja tu wa kusokota hivyo. Walimwita Mashoto, na Mashoto alikuwa yeye.

Ndipo akakumbuka. Ilikuwa jioni, pini ndogo imekosekana, stoo imefungwa, king'ora cha kutoka kimelia. Akatia waya, akajisemea utashika mpaka kesho. Kesho ikaja na maiti, na hofu ikaufuta waya ule kichwani mwake, akaapia kile alichozoea kukifanya kila siku. Hakuwa amedanganya. Hilo ndilo lililomgandisha, kwamba moyo unaweza kujisafisha hivyo bila kumwambia mwenyewe.

"Mzee, umekuta nyoka?" Calvin aliita kutoka chini.

Gadiel aliuchomoa waya, akautia mfukoni. Alishuka, akaondoka na masizi yake mikononi hadi Ngaramtoni. Elirehema alikuwa uani, anapukuchua maharage.

"Karibu mzee wa kanisa. Umekuja kunifundisha maneno ya Jumapili? Nimeshayakariri."

Gadiel alimwekea waya kiganjani, akaeleza yote akiwa amesimama. Elirehema aliugeuzageuza muda mrefu.

"Kwa hiyo pini hukutia."

"Sikutia."

"Miaka ya kwanza nilikumbuka vizuri kwamba wenzo niliurudisha hadi mwisho," Elirehema alisema taratibu. "Halafu mkawa mnanijia na Biblia, mwaka baada ya mwaka. Siku hizi nikifumba macho najiona nimeuacha wazi. Najiona kabisa, Gadiel. Juzi nimekwenda kaburini kumwomba Yiamat msamaha."

Gadiel akaketi kwenye maganda ya maharage. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Usiniombe hapa penye kuku. Mlinitenga mbele za watu."

Jumapili Gadiel ndiye aliyesimama. Alitaja mwaka, waya na jina la Yiamat. Zamani kanisa lingeguna, na wazee wangemwondoa kwenye kiti chake kabla hajamaliza. Lakini waliokaa mle wengi hawakuwahi kuona moshi wa injini. Simu ya mtu ililia katikati ya maneno yake. Alipomaliza, mchungaji, ambaye mwaka ule hakuwa amezaliwa, akamshukuru kwa ushuhuda mzuri, na watu wakapiga makofi.

Gadiel alibaki ameduwaa katikati ya makofi yale, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Elirehema peke yake hakupiga. Alinyanyuka karibu na mlango, akaja na fimbo yake hadi mbele.

"Sinyati, binti wa Yiamat, anauza mitumba hapo sokoni," alisema. "Hajanisalimia tangu utoto wake. Twende ukamwambie."