Mapipa Yaliyooshwa

"Tena usiniambie yamekauka! Umeyakausha kwa macho?"

Kavukavu alishamfokea msimamizi robo saa nzima, na hajafika hata nusu. Jina hilo alibandikwa na wapakiaji wenzake kiwandani, maana mama huyu hata jasho la kiganja anakwenda kulifutia nje.

Kosa lenyewe? Wageni wakubwa wanakuja, msimamizi kataka mapipa matupu yang'ae, kaagiza yaoshwe. Kwa maji! Mapipa ya kabaidi!

Kabaidi yenyewe imezaliwa motoni. Chokaa iliyochomwa inachanganywa na makaa ya koki, inapikwa kwenye tanuri la umeme, nyuzi elfu mbili, mpaka iwe uji mwekundu. Wanatoboa tundu chini, uji unamiminika kwenye vyungu vya chuma, unapoa taratibu, unageuka jiwe la kijivu. Linasagwa, linaletwa kwa Kavukavu alipakie. Jiwe lililovumilia moto wote ule, lidondoshee maji kidogo tu, linatoa gesi inayosubiri cheche.

"Dada, bosi hapa ni mimi," msimamizi akasema. "Jaza."

"Haya bosi, ingiza mkono."

Akauingiza ndani ya pipa huku anacheka. Akautoa. Vidole chepechepe. Kicheko kikakatika.

"Mdogo wangu anachomelea vyuma," Kavukavu akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Gesi yake inatoka kwenye kabaidi hii hii. Kifuniko kikigoma, anakipiga patasi na nyundo, kama mafundi wenzake wote. Nimemkataza mpaka nimechoka. Sasa nimjazie bomu kwa mikono yangu?"

Msimamizi akawaambia wapakiaji, "Rudisheni yote yakakaushwe."

Wageni walipofika, hakuna kilichong'aa. Walimkuta mama mmoja anapapasa pipa moja moja kwa ndani, wala hakuinua kichwa.

Jioni akapitia karakana kwa mdogo wake. Mdogo mtu kachuchumaa mbele ya pipa, nyundo juu. Akampokonya.

"Dada, umeanza!"

"Nimeanza zamani."

Akaligeuza lile pipa, akatazama alama ya zamu iliyolipakia. Si zamu yake. Mkono wake haufiki kila pipa.

Kwa hiyo wewe mwenye karakana, weka nyundo chini. Ukiona kifuniko kimevimba, ujue gesi imejaa ndani: usiliguse pipa, zima moto wote, toka nje, mwite aliyekuuzia aje alichukue mwenyewe. Leo hii.