Nilivyolazimika kukana maandishi yangu mwenyewe kuhusu mwamba wa kuzikia taka za nyuklia

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Miaka ya 2010 mwishoni nilikuwa Toronto, nakaa Flemingdon Park na mke wangu. Mimi ni mjiolojia, nilishapiga kazi migodi ya dhahabu Kanda ya Ziwa. Baada ya kusota sana nikapata mkataba wa mwaka mmoja kwenye kampuni ndogo.

Kazi yenyewe: kaskazini mwa Ontario kuna eneo lilikuwa linachunguzwa kama linafaa kuzikwa taka za nyuklia, chini sana ndani ya mwamba. Wachorongaji wanatoboa, wanatoa vipande virefu vya mviringo, tunaviita core. Mimi naandika palipopasuka na kwa nini.

(Kwa wasiojua: mwamba uliowahi kusagika na kuteleza ni njia ya maji. Maji yakifika kwenye taka, yanaweza kupanda nazo.)

Bosi wangu, Bi Shamim, ni Mhindi mzaliwa wa Upanga, anaishi Unionville, pembeni ya Toronto. Kiswahili chake cha Dar kabisa.

Ripoti ikiwa karibu kwenda kwa mteja, nikaenda ghala la sampuli kupiga picha za mwisho. Boksi moja lilikuwa na karibu mita nzima ya core iliyovunjika vipande. Kwenye log, yaani rekodi ya core ninayoisaini, nilikuwa nimeandika "imevunjwa na mashine".

Nikaokota kipande.

Uso laini kama kigae, utando wa kijani, mikwaruzo yote imeelekea upande mmoja. Mashine haifanyi hivyo. Hapo mwamba uliteleza juu ya mwamba.

Nilikaa pale muda. Saini ni yangu. Mkataba umebaki miezi miwili, mke mjamzito. Na hakuna ambaye angelifungua lile boksi karibuni.

Kesho yake nikamwomba Bi Shamim twende ghalani. Akakigeuza kile kipande.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi."

"Ulikishika siku ile?"

"Hapana. Mchorongaji alisema bomba lilikwama likavunja mwamba. Baridi ilikuwa kali, nikaandika alivyosema."

Akakirudisha kipande kwenye boksi. "Elia, unajua hii itachelewesha kila kitu?"

"Najua, Bi Shamim."

"Haya, mwandikie mteja barua ya kurekebisha. Mchorongaji usimtaje. Aliyesaini ni wewe."

Iliniuma, ila alikuwa sahihi.

Ripoti ikasimamishwa. Likachorongwa shimo la pili kwa mshazari, likakuta ukanda uleule wa mwamba ulioteleza, mpana kuliko nilivyodhani. Eneo halikufutwa, michoro ya mahandaki ya kuzikia taka ndiyo iliyosogezwa mbali nao.

Mkataba wangu haukuongezwa. Sikupewa sababu, na sikuuliza. Karibu mwaka mzima nikawa napanga mizigo ghala moja huko Brampton. Binti yetu alizaliwa katikati ya hapo.

Baadaye kampuni nyingine ikaniita interview. Mzee mmoja kati ya waliokuwa wananihoji akasoma kwa sauti barua ya kunipendekeza aliyoandika Bi Shamim: "Alikosea mara moja, akaniambia mwenyewe kabla sijajua." Akafunga faili, akauliza naweza kuanza lini.

Nilichojifunza: usisaini kitu ambacho hujakigusa, hata kama aliyekueleza amekuzidi uzoefu. Na ukikosea sema mapema, ukijua kabisa inaweza kukugharimu. Mimi ilinila mwaka.

Wa site, maabara, hospitali: nani hapa aliwahi kurekebisha rekodi aliyoisaini mwenyewe? Ofisini walikuchukuliaje? Tiririkeni, hata wa kunikosoa.