Nyumba ya Yohana ya Pembe Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa uzi. Boma la Arusha lilikuwa linajengwa, na Mjerumani aliyetusimamia, tuliyemwita Bwana Msimamizi, alitaka kuta zinyooke. Fundi Mkuu, mtu wa Pangani, alinionyesha timazi, yaani uzi wenye kipande cha risasi mwishoni, unaoonyesha kama ukuta umesimama wima. Sisi Wameru tulikaa katika misonge ya duara. Pembe ya nyumba nilikuwa sijapata kuiona.

"Jicho litakudanganya," Fundi Mkuu aliniambia. "Uzi haudanganyi."

Wengi pale waliletwa kwa nguvu, na kiboko kilisema zaidi kuliko mdomo. Mimi useremala ndio ulioniokoa. Nilijifunza randa na patasi, kisha kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa. Boma lilipokwisha nilipelekwa misheni kuezeka shule, chini ya Mchungaji aliyepanda ngazi mwenyewe kukagua misumari. Baadaye nikahamia kwa mlowezi mmoja upande wa Nduruma, na huko ndiko nilikokutana na Yohana.

Yohana alikuwa nyapara wa mlowezi yule, Mmeru mwenzangu, kabatizwa karibuni. Alitaka nyumba ya pembe nne yenye bati, ya kwanza katika ukoo wao.

"Nijengee kama ya bwana," alisema. "Iwe ndogo, lakini iwe kama yake."

Msonge ulijengwa na majirani. Wanaume walikata miti, wanawake wakaleta majani ya migomba, kazi ikiisha watu wakanywa pombe. Misonge yote ilifanana, wala hukuweza kumjua mtu kwa kutazama mlango wake. Nyumba ya Yohana niliijenga mimi na vibarua wangu. Majirani walisimama kando wakitazama.

Ilipokwisha, Yohana alizunguka akizipapasa kuta, akicheka peke yake. Mama yake aliingia, akapita chumba hadi chumba, akauliza, "Moto unakaa wapi?"

"Jikoni, mama. Kule nje."

"Na mimi nikikohoa, nani atanisikia?"

Akarudi kwenye msonge wake migombani. Yohana aliona aibu mbele yetu, lakini hakumfuata.

Haukupita muda, kaka yake Ndosi, aliyekuwa akiwauzia walowezi ng'ombe, akajenga nyumba yenye madirisha ya vioo. Yohana akaniita nimtilie vioo. Ndosi akaweka dari. Yohana akaniita tena, safari hii kwa baraza ya mbele. Kila nilipomaliza kazi alifurahi kweli, lakini furaha yenyewe haikudumu; akipita kwa kaka yake alirudi amenuna. Mwisho wakaacha hata kusalimiana.

Nilikuwa nasimamisha nguzo za ile baraza, masika yamepamba moto, mke wa Yohana alipokuja mbio kutoka migombani. Alikuwa amepeleka uji, akamkuta mama mkwe wake ameanguka kando ya moto uliozimika, anahema kwa shida. Kilikuwa kichomi. Tulikimbia. Ndosi naye akaitwa, akaja.

"Tumpeleke kwangu," Ndosi alisema. "Kuna dari, baridi haishuki."

"Kwangu ndiyo karibu," Yohana akajibu. "Na vioo ninavyo."

Wakaanza kubishana juu ya kichwa cha mgonjwa. Mama akafumbua macho.

"Mimi nimezaa watu," alisema kwa sauti ndogo. "Sikuzaa nyumba. Kaeni chini."

Wakakaa. Ndosi akapuliza moto, Yohana akamshika mama miguu. Walikaa naye kwa zamu, kisha wote pamoja, mpaka akapona.

"Fundi," Yohana aliniambia baadaye, "mle msongeni mwa mama, chini, kwenye moshi, nilikuwa nikilala fofofo. Kwa nini kwangu silali?"

Nikamuuliza kama tumalizie baraza.

"Iache," akasema.

Nilistaafu magoti yalipoikataa ngazi. Vijana wakiniuliza kama zamani tulikuwa na raha zaidi, nasema hapana. Tulikuwa na njaa, na funza walitula vidole. Bati ni kitu kizuri, nami nimeezekea kwangu. Ila mila ilimwambia mtu ni wapi atosheke, na hivi vitu vipya vilikuja bila neno hilo. Kila mmoja akabaki kulitafuta peke yake, akichungulia kwa jirani.

Mama yule alifariki miaka kadhaa baadaye. Wanawe walikaa msongeni mwake, bega kwa bega, mpaka msiba ukaisha na watu wakatawanyika. Nilipokwenda kuaga nilimkuta Yohana amesimama njiani katikati ya migomba, nyumba yake mbele, msonge nyuma, hajui aelekee wapi.