Jinsi Nilivyopata Kazi ya Labo

Sisi watoto wa kambi ya Kampuni ya shaba, pale Dilala mjini Kolwezi, tulijua mishahara ya watu kabla ya kujua kuzidisha. Sisemi pesa. Pesa ilibadilika thamani kati ya asubuhi na jioni, nani angejisumbua nayo? Tulijua magunia. Fulani anapata gunia moja la unga kwa mwezi, fulani mawili, na nyumba yenye baraza, na hospitalini watoto wake wanapita mlango ambao hauna foleni. Baba yangu alikuwa fundi wa kulehemu katika karakana ya Kampuni, gunia moja, bila baraza. Alinikalisha mezani nikiwa na miaka kumi na minne akanipitisha ngazi yote hiyo kwa kidole. Mwalimu? Aa, hapana, serikali ilishasahau kumlipa. Daktari? Miaka mingi mno, baba mwenyewe atakuwa ameshazikwa. Mhandisi wa migodi? Msichana gani atashuka chini kule, na ardhi yenyewe inakula watu? Ikabaki labo, ile maabara ya Kampuni. Mtu wa labo anavaa koti jeupe, anafanya kazi chini ya paa, anapata magunia mawili na hakuna anayempigia kelele.

"We utasoma biokimia," akasema. Na mi nikasoma biokimia sekondari. Kama moyo wangu ulitaka kitu kingine, sijui. Hakuna aliyeuuliza, hata mi mwenyewe.

Mtu wa labo tuliyemjua alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alizaliwa hapahapa Kolwezi, ila baba yake alitoka mkoa wa Kasai kuja kujenga reli, na hilo halikuwa jambo la kutajwa, kwa sababu nusu ya avenue, mtaa wetu ule, ilikuwa hivyo. Jumamosi alitukusanya watoto wa sekondari uani kwake. Hakuwa na vifaa. Alituonyesha asidi kwa siki, na kinyume chake kwa maji ya majivu, na maua mekundu ya ua wake aliyachemsha mpaka maji yakawa yanabadilika rangi mbele ya macho yetu. Alikuvumilia ukiwa mjinga. Ukiwa mzembe, ukimwaga tone moja bila kulihesabu, alikunyang'anya chupa akakurudisha kwenu. Mi alinirudisha mara mbili, na mara zote mbili nililia njia nzima kwa hasira, kisha Jumamosi iliyofuata nikawa wa kwanza mlangoni.

Diploma ya sekondari niliipata mwaka ambao kila kitu kilikuwa kinaporomoka. Mgodi ulikuwa umeanguka, unga ulikuwa umepunguzwa, chuo kikuu cha Lubumbashi kilikuwa kimefungwa na hakuna aliyejua kitafunguliwa lini. Nilizunguka nyumbani siku nzima, naosha sahani zilizokwisha kuoshwa, mama ananifukuza jikoni. Halafu zikaanza zile kelele barabarani: watu wa Kasai warudi kwao. Warudi wapi? Vijana wenye fimbo walipita avenue yetu wakipiga milango, na wengine niliwajua, nilikaa nao benchi moja. Jirani yetu wa labo alitoka siku hiyohiyo na mke wake na watoto wanne, magodoro mawili, sufuria, na cherehani juu ya kitoroli. Mi nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia. Sisi hatukumfukuza mtu, ndivyo tulivyoambiana mezani, na tukaendelea kula.

Wiki mbili baadaye baba alirudi kutoka karakana anakaribia kukimbia. Labo ilikuwa imebaki tupu, maana karibu wote mle walikuwa watu wa Kasai. Walikuwa wanatafuta vijana wenye diploma ya sayansi, haraka, hata wasichana. Nilifurahi. Ninaliandika neno hili bila kulipaka sukari: nilifurahi mpaka nikacheza jikoni, na mama akapiga makofi.

Chefu wa labo, mkubwa wetu, alikuwa mpya kama mimi. Alitoka ofisi ya maghala, na alijua mizigo, hakujua dawa za kupimia. Na dawa zenyewe, mama yangu! Moshi wa asidi ulikuwa umekula etiketi zote, zile karatasi za majina, miaka mingi iliyopita. Chupa hamsini na kitu, unga mweupe, unga mweupe, unga mweupe, maji yasiyo na rangi. Waliofanya kazi mle walizijua kwa mahali zilipokaa, na hao ndio waliofukuzwa, sasa wamelala chini stesheni wakingoja treni. Kitabu cha kazi kilikuwepo, lakini kilitaja dawa ambazo hazikufika tena tangu zamani. Wazee wa labo walikuwa wamebadilisha hiki kwa kile, na mabadiliko hayo waliyaweka vichwani mwao.

Kazi yangu ilikuwa kupima shaba ndani ya mawe. Unasaga jiwe, unaliyeyusha kwa asidi, unaongeza dawa mpaka maji yanakuwa ya bluu nzito, kisha unadondosha dawa nyingine tone kwa tone kutoka kwenye bomba la kioo lenye mistari. Bluu ikifutika, unasoma mstari, na namba hiyo ndiyo shaba. Yangu ilifutika vizuri. Nikashangilia. Nilipohesabu mpaka kumi, bluu ikarudi. Nikaongeza tone, ikafutika, ikarudi. Jiwe moja lilinipa namba tatu tofauti, zote kubwa mno, na kiwandani wakapiga simu kuuliza ni mwendawazimu gani anawaandikia.

Chefu aliniita. "Nakupa mpaka Jumamosi. Namba zikinyooka, jina lako linaenda direksyon, kwa wakubwa. Zisiponyooka, urudi kwa mama yako." Kisha akashusha sauti. "Ule tata, muzee ya labo ya zamani, alikaa karibu na kwenu, haiko vile? Banasema eko ku stesheni bado. Uende umuulize."

Nilikwenda kwa miguu nikijiambia maneno ya kusema, na nilipofika nikayasahau yote. Watu walikuwa wamelala kando ya reli, familia kwa familia, mashuka yamefungwa kwenye vijiti, moto wa kupikia katikati ya mataruma. Nilifunika pua kwa kiganja kwa sababu ya harufu. Wengine walikuwa pale wiki ya nne wakingoja treni ya kupita Tenke, Lubudi, Kamina, mpaka huko Kasai ambako watoto wao hawakujua hata njia ya kwenda chooni. Jirani yetu nilimkuta amekaa juu ya sanduku, amenyoa ndevu, viatu amevipangusa.

"Jambo, tata."

"Jambo, mama. Ulikuya kuniona?"

Ningesema ndiyo. Neno moja tu. Nikasema, "Chefu ananituma. Bluu inarudi."

Alicheka mpaka mke wake akageuka. "Basi ni we uko ku nafasi yangu." Mi nikaangalia chini. "Banakuambia mushahara gani?"

"Magunia mawili, tata. Na nyumba, kisha mwaka moja."

"Magunia mawili! Mi nilifanya miaka kumi na tisa, na mwezi ya mwisho balileta nusu gunia, pumba tupu. Juu ya nini hauendi chuo?"

"Kimefungwa."

"Kitafunguka."

"Lini, tata?" Akapangusa tena kiatu chake. Hasira ikanipanda, sijui kwa nani, nikamwuliza, "Kama mi ningekuwa mutoto yako, ungeniambia nini?"

Alimwangalia mtoto wake wa mwisho aliyekuwa anakohoa kwenye godoro. "Ningekuambia uache. Lakini mutoto yangu njo ule pale, ana njaa. Usiniulize mambo ya ile namna."

Kisha akaniambia bei yake. Kasai kulikuwa na kampuni ya almasi yenye labo, na huko hakuna aliyemjua. Alihitaji cheti cha kazi, karatasi moja tu yenye saini ya chefu na muhuri, kwamba mtu huyu alifanya kazi ya kupima shaba miaka kumi na tisa. Bila karatasi hiyo atakuwa mtu aliyeshuka treni na cherehani. "Uniletee ile," akasema, "na mi nakufundisha." Akanifundisha palepale, na mi nikaandika nyuma ya karatasi ya sabuni: asidi ipi, ichemke kiasi gani, ipozwe vipi. Niliapa nitaleta cheti. Niliapa kwa kichwa cha mama yangu.

Niliporudi labo, chefu alinyoosha mkono kabla sijafunga mlango. Nikataja cheti. "Kwanza tuone kama inatembea," akasema. Karatasi ya sabuni ilikuwa mfukoni mwangu, nimeishika. Ningeweza kuibana. Ningeweza kusema, cheti kwanza, chefu. Nilifikiria Jumamosi, nikafikiria direksyon, nikafikiria uso wa baba, na mkono ukatoka mfukoni wenyewe ukampa.

Tulijaribu mchana uleule. Bluu ilifutika. Nikahesabu. Nilipofika ishirini ikarudi.

Nilielewa papo hapo: tata alikuwa ameacha kitu bila kuniambia. Alijua nitatoa kabla ya kupokea. Nilikasirika, jamani! Mzee huyu amenichezea, nilisema moyoni, kama kwamba mimi ndiye niliyedhulumiwa. Nikarudi kwa chefu nikamwomba cheti, safari hii nikiwa nimesimama wima. Akafunga dirisha.

"Unataka nisaini karatasi ya mutu balifukuza? Kesho bataniuliza na mimi mama yangu alizalikiwa wapi." Jasho lilikuwa linamtoka puani. Sikuwahi kumwuliza mama yake alizaliwa wapi. "Umwambie minaandika. Umwambie kesho."

Ilikuwa Ijumaa. Nilipofika stesheni treni ilikuwa imeingia. Wagoni za mizigo, milango wazi, watu wanarushiana watoto na masufuria kama nyumba inaungua. Nilimtafuta nikitumaini kwamba simwoni. Alikuwa anamsukuma mke wake apande, cherehani iko chini bado, na aliponiona macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mikono yangu.

"Chefu anaandika, tata. Anasema kesho."

"Kesho," akasema.

"Kesho asubuhi."

"Na ile nilikufundisha, ulishamupa?"

Nilitaka kudanganya na hapo pia, mdomo ukakataa. "Nilimupa."

"Na bluu?"

"Ilirudi."

Alitikisa kichwa taratibu, kama nilipomwaga tone uani kwake. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru, ningerudi nyumbani nimepata haki yangu. Kijana mwenye fimbo alipita akimsukuma mgongoni, panda, panda, na yeye hakugeuka hata. Aliinama karibu na sikio langu maana kelele zilikuwa nyingi.

"Rafu ya pili, upande ya dirisha. Kopo ya plastiki. Ni ile moja tu njo ya plastiki, ingine yote ni kioo, sababu ule unga unakula kioo. Unaweka kijiko kidogo mbele ya kuweka dawa ya mwisho. Mbele, haiko nyuma. Ile chuma iko ndani ya mawe njo inarudisha bluu, na ule unga unaishika. Usiguse na mukono."

Nilisimama tu. "Tata, na cheti?"

"Rudilia maneno."

"Tata, mi nitakimbia sasa hivi, nitamwambia chefu..."

"Rudilia!" Ilikuwa sauti ileile ya Jumamosi. Nikarudia. Rafu ya pili, dirishani, kopo la plastiki, kijiko kimoja. "Kijiko ya namna gani?" Kidogo, nikasema. "Mbele ao nyuma?" Mbele, kabla ya dawa ya mwisho. "Muzuri," akasema. "Usibaandikie watu namba za uongo. Pale kiwandani batu banaweza kuumia." Mke wake, juu kwenye wagoni, aliuliza kama karatasi imefika. Alinyanyua cherehani peke yake, akaisukuma ndani, akapanda.

Mi nilirudi labo nikikimbia, narudia maneno njia nzima nisije nikasahau.

Jumamosi namba zilinyooka. Jiwe moja, mara tatu, namba moja. Chefu aliandika jina langu kwenye orodha mbele yangu, na kuhusu cheti hakusema kitu, na mi sikuuliza. Magunia mawili nilikuja kuyapata mara nne katika maisha yangu yote, baadaye likawa moja, kisha likawa hakuna, na labo yenyewe ikafungwa na kufuli. Sikulalamika. Ningemlalamikia nani?

Lakini hiyo Jumamosi mama alichinja kuku. Tulipomaliza bukari, ugali wetu, baba alijipangusa mikono, akaegemea kiti, akataka kusikia habari yote tangu mwanzo: chupa hamsini bila etiketi, na mtoto wake amejuaje ipi ndiyo?

"Nilifikiri tu," nikasema. "Niliona moja ni ya plastiki. Unga unaokula kioo hauwezi kuwekwa kwenye kioo. Ni kemia, baba."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Baba alipiga meza kwa furaha mpaka sahani zikaruka. Kisha akavaa viatu akatoka kwenda kuwaambia majirani, wale waliobaki.