Nimemchukua Mimi, Msimtafute

Mwenye ukurasa, jina langu libaki kwako, maana Kariakoo ni ndogo na wambea wake hawana likizo. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minane, mjane, nina binti mmoja aliye hai. Nasema aliye hai kwa sababu kabla yake alikuwepo mwingine, wa kiume, na huyo ndiye aliyeniketisha hapa kuandika na miwani puani.

Niliolewa Kariakoo zama za Ujamaa nikiwa mwari kutoka Kilwa. Tulikuwa tukipanga foleni ya sukari, ya sabuni, mpaka ya kitu usichokijua: unaona watu wamesimama, nawe unasimama. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana mtaa wa Gerezani, mpole, mtu wa mama yake. Tuliishi nyumba moja na mama mkwe, na sitaki mtu amseme vibaya. Alinipenda sana, ndiyo maana nilimwamini.

Mimba ya kwanza uchungu ulinishika ukagoma kuniachia, nikapelekwa kupasuliwa. Nakumbuka sindano ya mkononi, nakumbuka dari likienda mbali, basi. Nilipopata fahamu mama mkwe amenishika mkono analia, mume wangu anatazama viatu vyake, mtoto hayupo. Mama mkwe akaniambia, "Usilie, mwanangu. Huyo hakufa. Kachukuliwa." Akanisimulia kwamba alinikuta macho wazi lakini simwoni, nasema kwa sauti nzito isiyo yangu, "Nimemchukua mimi, msimtafute." Kwake yeye lile lilikuwa jini, na jini likishasema limechukua, limechukua.

Nikapelekwa kilingeni, nikafukizwa, jini likaulizwa jina lake na linataka nini. Halikujibu hata siku moja. Wakasema jeuri hilo. Nikawa kiti, ndivyo anavyoitwa mtu anayekaliwa na jini, na kila Alhamisi nikafukiza ubani wake. Matanga hayakuwekwa, maana huwezi kumlilia asiyekufa. Kaburi sikuliuliza, kumuulizia kaburi mtu aliyechukuliwa ni kutafuta kuchekwa. Mume wangu naye hakulitaja mpaka anaingia lake.

Mama mkwe alikuwa akinituliza kwamba mtoto anakua huko huko alikopelekwa. Basi nami nikamkuza. Wenzake walipoanza shule, nikasema naye kaanza. Halafu nikaanza kumsikia. Adhuhuri, watu wako sokoni, nyumba tupu, mtoto anaita uani, "Mama." Nikitoka, hamna mtu. Hakukua kwa sauti, sauti ilibaki ile ile ya mtoto. Semeni wazimu, sawa, lakini nilikuwa naacha chungu jikoni natoka.

Na huzuni juu yake. Hiyo sijui niieleze vipi, siku nyingine kujifunga khanga tu ni kazi ya shokoa, ya kushurutishwa. Vidonge nimemeza, nikabadilishiwa, nikabadilishiwa tena. Mwaka huu binti yangu akanipeleka kwa daktari mmoja Upanga. Akasema ni sonona sugu, na akanieleza tiba ya dawa iitwayo ketamini kwa kipimo kidogo, pamoja na kukaa na mtaalamu wa saikolojia kuzungumza yale yanayojitokeza. Nikamuuliza ni dawa gani hiyo.

"Ni ya usingizi, mama. Tangu zamani wanapewa wanaopasuliwa. Mtu anaweza kuwa macho wazi, akasema maneno, asijue kayasema."

Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, si umesikia? Hakukuwa na jini." Nikamwambia anyamaze.

Nilikubali, kwa woga. Mtaalamu ni msichana mwenye adabu, shikamoo yake ya kuinama. Akakaa karibu yangu, dawa ikaingia, nikaenda. Nikajiona kitandani, nesi ananilaza mtoto kifuani. Hatikisiki. Kichwa chake ni baridi, nywele bado zimelowa. Nami kwa ulimi mzito nawaambia, "Nimemchukua mimi, msimtafute." Jamani, kwetu Kilwa kumchukua mtoto ni kumbeba! Mchukuzi wa mizigo si ndiye anayeibeba? Nilikuwa nawatoa wasiwasi kwamba ninaye. Mama mkwe, mzaliwa wa hapa hapa Dar, akasikia la majini.

Nililia kilio ambacho sikukilia ujanani. Yule msichana hakunikatiza. Baadaye tulipozungumza akanieleza wazi, "Mama, siwezi kukuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Dawa hii yaweza kukuletea kumbukumbu, yaweza pia kukuletea unachokitamani. Tutakwenda nacho pole pole." Akaniuliza kama ningependa tumpe mtoto jina. Nikajifunga khanga yangu, nikaaga.

Sasa sikilizeni kinachonitesa. Tangu siku ile nalala. Nakula. Juzi nilimtania muuza samaki mpaka nikacheka mwenyewe, binti yangu akaenda kujifuta machozi chumbani. Lakini uani kimya. Adhuhuri inafika, nasimama mlangoni na mwiko mkononi, na sisikii kitu. Nilikuwa naiogopa ile sauti, Mungu anajua. Leo naona kama nimemfukuza mwanangu kwa sindano.

Miadi inayofuata ni wiki ijayo. Binti yangu anasema nikikatisha sonona itarudi, na daktari alishanionya hivyo hivyo. Wala si kwamba tiba siiamini. Naiamini, nayo ndiyo inayonitisha.

Nishaurini, hasa nyie mliozika watoto. Nikirudi pale nitapona. Lakini yeye hana jina, hana kaburi ninalolijua, na waliomwona wote wamekufa isipokuwa mimi. Nikishapona mimi, yeye atakaa wapi?