Minazi Iliyofungwa kwa Maombi

Yakomina Latuheru alikuwa mjane, mkamuaji wa mafuta ya nazi, na mwenye mdomo. Kijiji chao cha pwani ya kisiwa cha Seram kilimjua kwa mambo hayo matatu. Nazi zake zilipozidi kupotea, alikwenda kwa mchungaji akaomba minazi yake iwekewe sasi, marufuku ya kuvuna. Jumapili mchungaji akaiombea marufuku hiyo mbele ya waumini wote, makuti machanga yakafungwa kwenye mashina, na tangu hapo ikawa hakuna ruhusa ya kugusa hata nazi iliyojiangukia, mpaka kanisa lenyewe lifungue. Atakayegusa atahukumiwa na Mungu. Yakomina aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote, huku amemkazia macho jirani yake Bastian.

Alichosahau, au alichojifanya kusahau, ni kwamba sasi humfunga hata mwenye minazi.

Wiki ya tatu wakwe zake wakaja kutoka Saparua bila taarifa. Samaki walikuwapo, tui hakuna. Yakomina akaangaza huku na huku, akaokota nazi tatu chini ya mnazi, akazifua, na makumbi akayatupa kwenye kijito nyuma ya nyumba. "Si zangu mwenyewe?" alijisemea. Wageni wakala, wakausifu mchuzi.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Kijito kikafurika na kuyabwaga yale makumbi kwenye uzio wa Bastian, mtu asiyekuwa na mnazi hata mmoja. Juma hilohilo Bastian akajikata mguu kwa panga shambani, na mguu ukavimba hadi gotini. Kijiji hakikutaka ushahidi mwingine.

"Ungama tu, baba watoto," mkewe Oktovina alimsihi. "Ungama uombewe, ndipo tukupeleke hospitali. Sindano itafanya nini mbele ya mkono wa Mungu?"

"Niungame nini, mama wee? Sijagusa hata dafu!"

Yakomina aliyasikia hayo akiwa upande wa pili wa uzio, na woga ukamshika hasa. Kama Mungu amempiga asiyehusika, huyo ni Mungu gani? Na kama Mungu hakosei, basi hukumu yenyewe bado iko njiani, inamtafuta yeye. Kila asubuhi alijikagua miguu. Alimpelekea Bastian uji wa sago na kuuweka mlangoni bila kuingia. Siku ya tano harufu ya kidonda ikafika mpaka jikoni kwake, akaacha mafuta yakiungua na kukimbilia kwa mchungaji.

"Ni mimi niliyechukua nazi," alisema kabla hajakaribishwa. "Mungu ataniua?"

Mchungaji alimtazama kwa hasira ya wazi. "Angetaka kukuua, Mama Mina, angehangaika kuyasomba makumbi? Hukumu yake hufukua kilichofichwa, kitoke, kioshwe. Wewe umeshafukuliwa. Nenda ukaseme kwa Bastian."

"Hutaniombea kwanza?"

"Nitakuombea ukirudi."

Alikwenda. Uani kwa Bastian majirani walikuwa wamejaa. "Nazi nilichukua mimi," alisema, na ule mdomo wake wote ukaishia hapo.

"Wewe?" Oktovina aliruka. "Na uji unatuletea? Mume wangu anaoza, wewe unatuletea uji?"

Wanaume wakambeba Bastian mbiombio hadi kwenye boti ya kwenda hospitali ng'ambo, Yakomina akawafuata akilia, akaingia majini mpaka kiunoni na kumshika mkono.

"Nisamehe, kaka Bastian."

Bastian alimgeuzia macho mekundu kwa homa.

"Kumbe sikuiba," alisema taratibu. "Mama Mina, nilikuwa nimeshaanza kukumbuka nilivyoziokota."