Nyapara Aliyesema Karibuni

Atakayenibishia na aje kwanza aitazame keria ya baiskeli yangu. Imepinda upande mmoja mpaka leo, na mafundi wameshindwa kuinyoosha. Mimi si mtu wa hadithi. Jambo hili nililiona kwa macho yangu, jua likiwa utosini, siku ya Jumapili, wala sikuwa nimeonja pombe.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kibarua katika shamba moja la mkonge nje ya Kilosa. Jumapili wenzangu walilala au walikwenda ngomani. Mimi miguu iliniwasha. Kilosa mjini niliimaliza kwa miguu: stesheni, boma, maduka ya Wahindi, kingo za mto Mkondoa. Nilipopata baiskeli nikaanza kwenda mbali, Kimamba, Rudewa, mpaka Ulaya. Ndiyo, Ulaya, kijiji chetu cha njia ya Mikumi. Niliwatania wenzangu kwamba mzungu wa shamba akienda Ulaya hukaa miezi, mimi nakwenda na kurudi kabla ya magharibi.

Sasa nikupe habari za nyapara mmoja. Tulimwita Upesi, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni tangu alfajiri. Upesi kata, upesi funga, upesi beba. Aliwahi kunipiga kofi la sikio la kushoto kwa kuwa nilisimama kunywa maji, na sikio hilo likafa. Lakini mimi nina nafuu. Wenzangu walinisimulia kwamba kabla sijafika, alimtoa kitandani manamba mmoja, kibarua aliyeletwa kutoka mbali, anatetemeka kwa homa, akamsimamisha kwenye korona, ule mtambo wa kusaga majani ya mkonge. Mtambo ukamvuta mkono wa kulia mpaka begani. Alipokata roho, Upesi alichosema ni mtambo uoshwe upesi, kazi iendelee. Mtambo ukaoshwa. Yule mtu hakuoshwa. Alifukiwa kando ya makapi ya mkonge, bila sanda wala dua. Upesi akaacha kazi kwa raha zake, akajenga nyumba ya bati Kisanga. Unaiona haki hapo? Mimi sikuiona.

Jumapili hiyo niliondoka mapema nikitaka kufika Mikumi, nikaione hiyo mikumi yenyewe, ile miti mirefu iliyoupa mji jina. Nilipoipita Ulaya nikamkuta mtu amekaa kando ya njia, juani, na kivuli kipo karibu yake. Alinizidi umri, kwa hiyo nikashuka nikamwamkia.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. Umewahi kuona mtu mzima akaiacha shikamoo ianguke chini? Aliniambia tu, "Nipakie, ndugu yangu. Naishia Kisanga."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu niliyefanya naye kazi. Nataka nikampe mkono."

Nikampakia. Mwanzoni alikuwa mwepesi, nikadhani bado hajapanda. Tulipokwenda kidogo nikasikia harufu ya mkonge uliosagwa, ile harufu chachu inayoganda kwenye nguo, na huko hakuna mkonge, ni mahindi na mtama tu. Halafu uzito ukaanza kuongezeka. Niamini, tulikuwa tunateremka mlima na bado nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote. Kiunoni alinishika kwa mkono mmoja. Nikageuza shingo kidogo. Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa mtupu, unapepea na upepo.

Nikajua nimembeba nani.

"Nimempigia hodi sana," alisema nyuma yangu. Alisemea kwenye sikio la kushoto, lile bovu, nami nikamsikia vizuri. "Sauti yangu anaijua, haitikii. Leo piga wewe."

Wewe ungefanyaje? Ningeweza kuitupa baiskeli nikakimbilia porini. Niliogopa, sikatai. Lakini hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko hofu, ilikuwa imekaa siku nyingi kama mwiba wa mkonge ndani ya nyama. Tulipofika Kisanga nikakata kona kuelekea nyumba ya bati, kwa hiari yangu.

Mlango ulikuwa umefungwa, mchana kweupe. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi, mmoja wa vijana wako wa shambani. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uko na nani?"

Mtu mzima, kwake, mchana, anauliza hivyo. Alikuwa anajua. "Nimekuja na baiskeli yangu," nikajibu, na sikusema uongo.

Akafungua komeo. Hapo ndipo ulimi ulipomponza. Si unajua tulivyozoea, hata mgeni akiwa mmoja tunamwambia "karibuni" kwa heshima, neno linatoka lenyewe?

"Karibuni," akasema. "Karibuni ndani."

Baiskeli ikaruka mikononi mwangu kama punda aliyetuliwa mzigo. Upesi akanyoosha mkono wa kulia kunisalimia, lakini haukunifikia. Ulishikwa njiani. Nikamwona anauvuta, mgongo umempinda, macho yamemtoka, na kati yetu haonekani mtu. Sikio langu la kushoto likasikia sauti ya upole: "Taratibu, bwana. Leo hakuna haraka."

Hakufa. Wala nisingependa afe, maana angepumzika. Mkono ule ulikauka mpaka begani, na hakuna tabibu aliyeona jeraha. Ikambidi ale kwa kushoto. Nani atatia mkono sahani moja na mtu anayekula kwa mkono wa chooni? Wanawe walimtengea sahani, baadaye wakamtengea na chumba. Nilipopita na baiskeli nilimwona barazani anahangaika na tonge, peke yake, mwaka hadi mwaka, na sikumwonea huruma hata siku moja.

Mikumi nilifika Jumapili nyingine. Sikio langu halijapona, ila jua likifika utosini husikia hodi. Si mlangoni kwangu. Inapita nyumba hadi nyumba, kwa sauti tofauti, maana waliofukiwa kando ya makapi hawakuwa mtu mmoja.

Basi nakuusia. Ikipigwa hodi mchana, na wewe unajua kuna mtu uliyemtenda, chungulia kwanza. Ukimwona mgeni mmoja, mwambie karibu, uishie hapo hapo. Ile "ni" ya mwisho ndiyo wanayoingojea.